Chango

Nyuma ya mlango wa chumba chetu kuna chango,
kipande cha mkarafuu alichokichonga babake Faki
kabla sijaja nyumba hii.
Faki hutundika koti lake, mavyaa tasbihi,
watoto wa shemegi mikoba ya chuoni.
Hakijang'oka. Kila mtu humsifu fundi.

Na mimi nina changu, chini ya kitovu.
Jina moja. Kazi, naona, ile ile.

Mwaka wa tatu huu
damu huja kama mgeni asiyepiga hodi,
na akishakaa haulizwi lini ataondoka.
Siku kumi na mbili. Kumi na tisa.
Nimejifunza kukaa ukingoni mwa mkeka,
kuinuka wa mwisho harusini
na kupatazama nilipokaa kabla sijaaga.
Sodo huzianika chini ya shuka, shuka chini ya kanga,
hata jua lisijue.

Mavyaa huhesabu siku nisizosali.
Hasemi kitu. Huukunja msala wake kwa sauti.
Anayedhani msala hauna sauti
hajakaa na mavyaa.

Bi Mgeni alinikanda kwa mafuta ya nazi:
"Kimepanda hiki, mwanangu. Una jambo umelimeza."
Nilicheka.
Usiku nikalikumbuka jambo:
yule wa miezi mitatu, aliyezikwa na kitambaa chake
chini ya mgomba, nyuma ya jiko.
Hakuna aliyekuja kunipa mkono.
Mimba, walisema, si msiba.

Mganga wa Konde akaona sheitani, akataka jogoo mwekundu.
Wifi Mauwa akasema ni kuchelewa kuolewa.
Mwengine akasema ni vidonge, nilivimeza kwa siri.
Daktari kijana, macho kwenye karatasi:
"Mawazo tu, mama. Punguza mawazo."
Akanipa panado, nikaondoka nazo
kama niliyerudishiwa chenji pungufu
nikaona haya kuihesabu.

Kila mtu alikuja na nguo yake, akaitundika.
Sikung'oka.
Wakanisifu: Kazija ana subira.

Faki yeye hakutundika kitu. Alihamia ukumbini,
akasema joto.
Usiku mmoja nikamsikia anamwuliza nduguye,
chini chini, kama anayeuliza bei asiyoiweza:
"Hivi mwanamke hutoka damu kiasi gani
ndipo afe?"
Kumbe na yeye alikuwa akihesabu.

Wete, Jumanne, foleni mpaka mlangoni.
Muuguzi akatoka na mafaili mkononi:
"Wa matatizo ya kike, huku!"
Benchi zima likatazama sakafu.
Akasimama msichana, mtandio wa skuli bado kichwani.
Akasimama bibi aliyemzidi mavyaa kwa umri.
Nikasimama.
Na pale mwisho, ukutani, uso umefunikwa
lakini viatu navijua, nilimnunulia mimi Sikukuu,
akasimama wifi Mauwa.

Hatukusalimiana.
Tulikaa bega kwa bega, yeye akanisogezea
nusu ya kanga yake nikalie.

Daktari Zeyana akanionesha kwenye kioo:
kivimbe, mfano wa ndimu, kimetulia kama mwenye nyumba.
Akaniuliza, "Unalala?"
"Nalala."
Akaiweka kalamu chini. "Unalala?"
Hapo ndipo nilipolia, kwa kelele,
mimi niliyezaliwa Mtambwe, nikafundwa na somo
kwamba kilio cha mwanamke hakivuki kizingiti.
Nikamsimulia mgomba. Nikamsimulia msala.
"Kivimbe hakikuletwa na huzuni," akasema.
"Wala huzuni yako haikuwa uongo."

Nimepewa tarehe ya kupasuliwa.
Mauwa naye kapewa karatasi. Haijui bado aisome vipi,
nami sikumwuliza; tulinunua mabungo njiani
tukayala kwa chumvi, kimya, kama watoto watoro.

Jioni nikafunga mlango.
Nikashusha koti, tasbihi, mikoba,
nikaviweka vyote kitandani kwa Faki.
Nikakitazama chango kitupu.
Kina ufa, mwembamba, toka kichwani mpaka ukutani.
Wa zamani. Umejaa vumbi.
Nikapitisha ukucha ndani yake,
polepole,
nikausafisha.